Njia za Mkato Zimevunjika, na Si Wewe Uliyezivunja

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala mbinu ya kuongeza kasi ya tarakilishi. Leo nina lalamiko, na nitalitoa bila kulipaka asali.

Kila mara kivinjari kikisasishwa, simu yangu huanza kulia. "Nikibofya ile picha ya benki haifunguki." "Picha zote kwenye skrini zimekuwa nyeupe." "Ile ya mishahara inafungua ukurasa mtupu." Na karibu kila anayenipigia huanza kwa kuomba radhi: "Samahani kaka, sijui nimegusa nini." Hujagusa kitu! Uliiacha tarakilishi yako jioni ikiwa nzima, usiku programu ikajisasisha yenyewe, asubuhi ukakuta mlango wa nyumba yako umehamishwa. Halafu wewe ndiye unayeomba msamaha.

Hoja yangu ni moja. Njia ya mkato ni mali ya mtumiaji. Uliitengeneza wewe, ukaiweka mahali unapopataka, ili ikupeleke kwenye anwani uliyoichagua. Sasisho linaloivunja limeharibu mali ya mtu, hata kama limeziba mianya kumi ya wezi. Aliyeivunja ndiye anayepaswa kuirekebisha, au angalau kukueleza kilichotokea kwa maneno unayoyaelewa. Lakini leo mambo yako kinyume: mwenye kivinjari yuko kimya, mwenye tovuti yuko kimya, fundi anataka pesa, na mzigo wote anabebeshwa yule asiyejua hata kilichobadilika.

Karatasi tatu za boda boda

Kabla sijagombana na mtu, tuelewane kwanza tunagombania nini. Wengi hudhani njia zote za mkato ni kitu kimoja, kwa kuwa zote ni picha ndogo za kubofya mara mbili. Sivyo. Kwenye Windows kuna aina tatu, na tofauti zake ndizo zinazoamua kama utasalimika sasisho likija.

Aina ya kwanza ni faili inayoishia na .url. Ni maandishi matupu, mistari michache tu. Mstari mmoja umeandikwa [InternetShortcut], na chini yake kuna URL= kisha anwani yenyewe. Basi! Haitaji kivinjari chochote. Ni kama karatasi uliyoandika mtaa na nambari ya nyumba. Unaweza kumpa mwendeshaji boda yeyote pale steji na atakufikisha.

Aina ya pili huishia na .lnk, na huanza kwa kutaja programu fulani, kwa mfano iexplore.exe au chrome.exe, ndipo anwani ifuate. Karatasi hii inasema: "Mtafute Kamau, umwambie akupeleke mtaa fulani, nyumba fulani." Kamau akihama steji utasumbuka kidogo, lakini anwani bado unayo mkononi. Na Kamau huhama kweli. Mwaka 2020 Chrome ya biti 64 kwenye Windows ilianza kusakinishwa katika folda ya Program Files badala ya Program Files (x86). Aliyeifuta Chrome ya zamani akasakinisha mpya alikuta njia zake za mkato za aina hii zinatafuta programu mahali ambapo haipo tena.

Aina ya tatu ndiyo mbaya. Hii hutengenezwa na kivinjari chenyewe ukikiambia kigeuze tovuti iwe kama programu inayojitegemea. Nayo pia huishia na .lnk, lakini ukiichungulia ndani, anwani ya tovuti hutaiona. Chrome huandika humo jina la wasifu wako na msimbo wa herufi 32, zote zikiwa kati ya a na p. Karatasi hii inasema: "Mtafute Kamau, yeye anajua." Sasa Kamau akipoteza kumbukumbu, yaani wasifu ukifutika au kivinjari kikasakinishwa upya bila data yako kurudi, umebaki na herufi 32 ambazo hakuna binadamu anayeweza kuzisoma. Kwenye simu hali ni hiyo hiyo: njia ya mkato uliyoiweka kwa kivinjari fulani ni ya kivinjari hicho, na ukikiondoa inaondoka nacho.

Na zile picha nyeupe? Hilo ndilo tatizo dogo kuliko yote, ingawa ndilo linalotisha watu zaidi. Picha ya ikoni kwa kawaida haimo ndani ya njia ya mkato. Pameandikwa tu mahali inapopatikana, na mara nyingi ni ndani ya folda za kivinjari. Folda ikisafishwa, picha inapotea lakini anwani ipo salama. Bofya tu, itafunguka.

Jiulize sasa: kati ya aina hizi tatu, ni ipi ambayo vivinjari vinakusukumia? Ni ile ya tatu, ile isiyo na anwani. Na si ajabu, maana kuna mazoea ya muda mrefu ya kuificha anwani isionekane na mtu. Septemba 2018 Chrome toleo la 69 liliondoa "www" kwenye sehemu ya anwani. Watu wakapiga kelele, ikarudishwa, kisha mwaka 2019 ikaondolewa tena. Mwaka 2020 wakaanza jaribio la kuficha anwani nzima na kuacha jina la tovuti tu, wakaliacha mwaka 2021. Walisema ni kwa faida yetu, ili tutambue tovuti bandia kwa urahisi. Huenda. Lakini mtu asiyeiona anwani hujifunza kutoijali, na asiyeijali hawezi kujirudisha njia ikikatika.

Februari 14, 2023

Mfano mkubwa kuliko yote ni Internet Explorer. Ilizaliwa mwaka 1995, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilishika zaidi ya asilimia 90 ya watumiaji wote wa wavuti. Juni 15, 2022 Microsoft iliacha rasmi kuitunza kwenye matoleo mengi ya Windows 10. Februari 14, 2023 ikazimwa kabisa. Na sikilizeni ilivyozimwa: si kwa sasisho la Internet Explorer yenyewe, bali kwa sasisho la Edge. Kivinjari kimoja kilisasishwa, kingine kikafa. Tangu hapo, ukibofya njia ya mkato iliyotaja iexplore.exe, inayofunguka ni Edge.

Sitamlilia marehemu. Mimi naandika programu, na miaka niliyopoteza nikilazimisha kurasa zionekane sawasawa ndani ya Internet Explorer sitaipata tena. Juni 2022 mwandishi mmoja wa programu huko Korea Kusini alitengeneza jiwe la kaburi la Internet Explorer na kuliweka mjini Gyeongju, na watu wa kazi yangu duniani kote tulicheka. Lakini Korea Kusini ina sababu ya kucheka kwa uchungu. Kwa miaka mingi, shughuli za benki na za serikali huko zilitegemea ActiveX, teknolojia iliyofanya kazi ndani ya Internet Explorer peke yake. Nchi nzima ilikuwa na Kamau mmoja.

Kwa hiyo ikoni ilibaki mahali pake, jina ni lile lile, ukibofya kitu kinafunguka, ila ndani ya Edge kitufe cha kuingilia hakifanyi kazi au ukurasa ni mweupe. Microsoft ilitoa dawa: ndani ya Edge mna mtindo wa Internet Explorer, ambao wameahidi kuutunza angalau hadi mwaka 2029. Hiyo ni dawa nzuri, nawapongeza. Lakini mtu wa kawaida anaijuaje? Lazima aingie kwenye mipangilio, akubali tovuti zifunguliwe upya kwa mtindo huo, kisha aongeze ukurasa wake kwenye orodha. Na akishafanya hayo yote, kwa kawaida ukurasa hukaa kwenye orodha siku 30 tu! Siku ya 31 njia yake ya mkato "imevunjika" tena, naye anaanza upya kujiuliza amegusa nini. Mfanyakazi wa kampuni kubwa ana idara ya teknolojia ya kumpangia orodha ya kudumu. Mwenye duka la kunakili karatasi hana idara. Ana mpwa wake, na mpwa yuko shuleni.

Wakitaka wanaweza

Hapa ndipo watetezi wao huniambia: "Wavuti inabadilika, huwezi kubeba vya kale milele." Nakubali kwamba inabadilika. Nakataa kwamba haiwezekani kumlinda mtumiaji inapobadilika, na ushahidi wangu ninautoa kwao wenyewe.

Leo hii, hamisha alamisho zako kutoka Chrome au Firefox ziwe faili, kisha uifungue faili hiyo kama maandishi. Mstari wa kwanza utakuta maneno NETSCAPE-Bookmark-file-1. Netscape! Kivinjari kilichotoka mwaka 1994 na kuachwa rasmi Machi 2008. Kivinjari kimekufa, kampuni haipo, lakini mtindo wake wa kuhifadhi alamisho unasomwa hadi leo na wapinzani wake wote. Kwa nini? Kwa sababu ndani yake mna anwani zilizoandikwa wazi, na kila mmoja anataka kukurahisishia kuhamia kwake. Kumbe faida ikiwepo, vya kale hubebeka.

Mfano wa pili. Mwaka 2018 Apple, Google, Microsoft na Mozilla walitangaza pamoja kwamba wataondoa TLS 1.0 na 1.1, njia za zamani za kusimba mawasiliano ambazo zilikuwa dhaifu. Walifanya haki. Machi 2020 Firefox toleo la 74 likatoka likiwa limezizima. Lakini janga la korona lilikuwa limeanza, na baadhi ya tovuti za serikali zilizokuwa zikitoa habari za ugonjwa zilitumia njia hizo za zamani. Mozilla wakaziwasha tena, wakasubiri, wakaja kuzizima katika toleo la 78 mwishoni mwa Juni 2020. Hawakusema "mwenye nguvu mpishe." Walitazama nani ataumia, wakaahirisha. Huo ndio uungwana ninaoudai, na nimewaonyesha kwamba upo.

Mfano wa tatu ni wa Ulaya. Mapema mwaka 2024 Apple ilikuwa ikitayarisha iOS 17.4, na katika matoleo ya majaribio, watumiaji wa iPhone walioko nchi za Umoja wa Ulaya waligundua kwamba tovuti walizoziweka kwenye skrini ya mwanzo kama programu zimegeuka kuwa viungo vya kawaida vinavyofungua kivinjari. Februari Apple ikathibitisha kwamba imefanya hivyo kwa makusudi, ikitoa sababu ya sheria mpya ya masoko ya kidijitali na usalama. Waandishi wa programu wakapinga kwa barua na saini, Tume ya Ulaya ikaanza kuuliza maswali, na Machi 1, 2024 Apple ikabadili uamuzi. Siku chache baadaye toleo lenyewe lilipotoka, tovuti zile zilikuwa zimerudishiwa hali yake.

Na mfano wa nne, mfupi. Windows 11 ilipotoka mwaka 2021, kubadili kivinjari chako cha kawaida kulihitaji uchague upya kwa kila aina ya faili na kiungo: http peke yake, https peke yake, .htm peke yake. Watu wakalalamika, na mwaka 2022 kukatolewa sasisho lililorudisha kitufe kimoja.

Mnaona? Katika mambo haya kelele zimezaa matunda. Wanaonyamaza ndio wanaohamishiwa milango.

Gharama yake hapa kwetu

Kuna atakayesema nafanya kichuguu kuwa mlima. "Ni ikoni tu, si uitafute tovuti upya?" Haya, tuitafute upya.

Juni 2023 serikali ya Kenya ilizindua huduma zaidi ya 5,000 kupitia eCitizen. Ripoti ya kodi ya kila mtu inatakiwa kufika KRA kufikia Juni 30 kila mwaka, na inapelekwa mtandaoni. Kwa hiyo saiba nyingi mitaani leo si mahali pa kuchezea michezo. Ni kaunta za serikali zilizofunguliwa na watu binafsi. Ukiingia utaona kwenye skrini ikoni zimepangwa safu kwa safu: ya kodi, ya cheti, ya leseni, ya mkopo wa masomo. Dada anayehudumia pale hazijui zile anwani kwa moyo, na hana haja ya kuzijua. Anazijua ikoni.

Ikoni ikikatika, anafanya nini? Anaandika jina la huduma kwenye injini ya kutafuta na kubofya la kwanza linalotokea. Na la kwanza linaweza kuwa tangazo lililolipiwa na mtu yeyote. Matapeli wanalijua hilo. Hutengeneza kurasa zinazofanana na za asili, mteja anaandika nambari ya kitambulisho na nywila, na mambo yameisha. Njia ya mkato iliyokuwa ikimpeleka moja kwa moja kwenye anwani ya kweli ilikuwa ulinzi wake, na ulinzi huo umeondolewa na sasisho lililosema limekuja kumlinda!

Gharama ya pili: watu huzima masasisho. Mtu akishavunjiwa kazi mara mbili, anamwomba jamaa amzimie "hiyo kitu inayojibadilisha," na kuanzia hapo anatumia kivinjari chenye mianya ambayo wezi wote wanaijua. Tafadhali msifanye hivyo. Acheni masasisho yawe wazi. Nawakasirikia waundaji wa vivinjari kwa sababu hii hasa: kila wanapovunja kitu bila maelezo, wanapoteza imani ambayo usalama wetu sote unaitegemea.

Gharama ya tatu ni fundi. Ofisi moja ndogo ninayoijua iliamka siku moja mfumo wake wa mishahara haufunguki baada ya kivinjari kusasishwa. Fundi aliyeitwa alisema ni virusi. Akafuta kila kitu, akapiga Windows upya, akachukua pesa zake. Mfumo haukufunguka, kwa kuwa tatizo lilikuwa kwa msambazaji aliyeuandika kwa kivinjari kimoja tu na kutojibu simu tena. Kilichopotea ni barua za miaka mitatu ambazo hazikuwa na nakala. Kuangalia sifa za ile njia ya mkato kungechukua dakika moja. Mafundi wenzangu, hii ni aibu yetu.

Fanya hivi kabla ya kumwita mtu

Sitaki kulalamika tu bila kuwaachia kitu mkononi. Njia yako ya mkato ikikataa, fuata hatua hizi kwa mpangilio.

1. Usiifute. Hata ikiwa imevunjika, huenda anwani ingali ndani.

2. Ibofye mara moja tu ili uichague, kisha bonyeza Alt na Enter kwa pamoja. Dirisha la sifa zake litafunguka. Ukiona anwani inayoanza na http, hiyo ni aina ya kwanza au ya pili. Inakili. Ukiona msimbo mrefu wa herufi bila anwani, hiyo ni aina ya tatu, nenda hatua ya 5.

3. Fungua kivinjari kwa njia yako ya kawaida, bandika ile anwani. Ikifunguka, tovuti ni nzima na kivinjari ni kizima. Kilichovunjika ni karatasi tu. Isipofunguka, jaribu kivinjari kingine. Ikikataa kote, tatizo liko kwa mwenye tovuti, na huna la kurekebisha upande wako.

4. Tengeneza mpya ya aina ya kwanza. Bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya mahali patupu kwenye skrini, chagua kuunda kitu kipya, kisha njia ya mkato. Ukiulizwa mahali, bandika anwani nzima ikianza na https, uipe jina, umalize. Hii haimjui Kamau. Hata ukibadili kivinjari kesho, itafuata kile ulichokichagua.

5. Kama ni aina ya tatu, bonyeza Ctrl na H ndani ya kivinjari uangalie historia yako, au Ctrl, Shift na O uangalie alamisho. Anwani ikipatikana, rudi hatua ya 4.

6. Kama tovuti inafunguka ndani ya Edge lakini vitufe havifanyi kazi na unajua ni ya enzi za Internet Explorer, andika edge://settings/defaultBrowser kwenye sehemu ya anwani, uruhusu mtindo wa Internet Explorer na uongeze ukurasa wako. Andika kwenye kalenda siku ya 30.

7. Kama ni tovuti ya serikali ya Kenya na umelazimika kuitafuta, tazama mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza. Kwa kawaida huishia na .go.ke. Jina lenye "go-ke" katikati na .com mwishoni si la serikali, hata likiwa na nembo ya taifa.

8. Mara moja kwa mwezi, hamisha alamisho zako ziwe faili na uiweke kwenye kidude cha USB. Na zile anwani tano unazozitegemea kwa riziki, ziandike kwa kalamu kwenye daftari. Nacheka nikiandika hivyo, lakini daftari halijisasishi usiku.

Nasi tunaoandika programu

Nikiishia kwa kampuni za ng'ambo nitakuwa mnafiki. Baadhi ya njia za mkato zinazosemekana kuvunjwa na kivinjari zimevunjwa na sisi.

Sisi ndio tulioandika mifumo iliyofunguka kwa kivinjari kimoja, tukaweka maandishi chini ya ukurasa kumwamuru mteja atumie kivinjari tunachokitaka, tukalipwa, tukaondoka. Sisi ndio tunaobadili anwani kila tunapobadili muundo wa tovuti, kana kwamba hakuna aliyeihifadhi popote. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, mwanzilishi wa wavuti, aliandika waraka mfupi kwenye tovuti ya W3C akiwataka wenye tovuti wapange anwani zitakazodumu kwa miaka mingi. Waraka huo bado uko kwenye anwani ile ile. Amefanya alichohubiri.

Na dawa yake haina gharama. HTTP ina msimbo 301, ambao maana yake ni "nimehama jumla, nifuate huku." Ni mstari mmoja kwenye mipangilio ya seva. Ukiuweka, njia ya mkato ya mwaka 2009 itampeleka mtu kwenye ukurasa wa leo bila yeye kujua kwamba kuna kilichohama. Mwandishi wa programu anayehamisha tovuti bila kuweka 301 ni sawa na mwenye duka anayehama usiku bila kubandika hata karatasi mlangoni, kisha akalalamika kwamba wateja wamepotea.

Ninachodai

Kwa waundaji wa vivinjari: kila njia ya mkato mnayotutengenezea iwe na anwani kamili ndani yake, iliyoandikwa wazi, ambayo mtu anaweza kuisoma na kwenda nayo kwingine. Sasisho likigusa njia za mkato, liseme asubuhi hiyo hiyo, kwenye skrini, limegusa zipi na kwa nini. Lugha iwe ya mtumiaji. Baadhi ya vivinjari hivi vinaonyesha vitufe vyake kwa Kiswahili ukitaka, basi na habari mbaya zije kwa Kiswahili.

Kwa ofisi zinazonunua mifumo: andikeni ndani ya mkataba kwamba mfumo ufanye kazi kwenye vivinjari visivyopungua viwili na kwamba anwani za zamani zitaelekezwa kwenye mpya. Msambazaji akikataa, mmejua mapema.

Kwa mafundi: Alt na Enter kwanza, kufuta baadaye.

Na kwako wewe unayetumia: acha kuomba radhi. Kivinjari ni boda, wewe ndiye abiria na wewe ndiye unayejua unakokwenda. Siku dereva akikuambia nyumba yako haipo tena kwa sababu amebadilisha pikipiki, mwonyeshe anwani kwenye daftari lako, na akishindwa kukufikisha, panda nyingine.